Sauti ipo, picha hakuna: tuitengeneze TV ya zamani au tununue mpya?

Mshauri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Naomba unisaidie kufikiri, maana kila nikilitafakari jambo hili peke yangu najikuta nimerudi palepale.

Tuna televisheni ya LED ya inchi 40, ina miaka minane sasa. Nyumbani tupo mimi, mume wangu, watoto wetu na mama mkwe wangu ambaye hushinda nyumbani. Kwa hiyo TV huwashwa asubuhi na kuzimwa usiku, kwa siku si chini ya saa nane. Mwaka jana picha ilianza kubadilika rangi. Pembe ya chini kushoto kulikuwa na madoa ya mviringo ya zambarau, na nyuso za watu zikawa na ubluubluu. Baadaye kioo kikazimika ghafla huku sauti ikiendelea. Fundi akaja, akafungua, akasema taa mbili zimekufa. Akabadilisha hizo mbili tu, TV ikawaka. Ikafanya kazi miezi michache, kisha ikarudia ugonjwa uleule. Sasa nikiiwasha, kioo kinamulika kama sekunde moja halafu giza. Sauti ipo, rimoti inafanya kazi, hata chaneli nabadilisha kwa kusikiliza.

Fundi wa pili anasema mikanda yote ya taa ibadilishwe. Gharama yake, vifaa na ufundi pamoja, ni kama theluthi moja ya bei ya TV mpya ya ukubwa huohuo. Ila ametuambia wazi kwamba kioo kikipasuka wakati wa kukitoa, yeye hahusiki.

Kuna jambo jingine dogo. Upande wa kulia wa kioo kuna mstari mwembamba wa wima. Ulikuwepo hata kabla taa hazijafa. TV ikiwa ya baridi unaonekana, ikishapata moto unapotea. Tuliuzoea, na fundi wa kwanza alisema hauna madhara.

Mume wangu anasema yatosha, tununue ya inchi 55. Ana sababu zake: programu za kuangalia video kwenye TV hii zimegoma kufunguka, zinadai toleo jipya ambalo halipatikani, na anasema TV za zamani zinakula umeme. Kwake yeye kutengeneza ni kutupa fedha kwenye kitu kilichokwisha kufa. Mimi naona TV za zamani ni imara kuliko hizi za sasa, na tulishamlipa fundi wa kwanza. Tukinunua mpya fedha ile inakuwa imepotea bure. Tena fedha zilizopo tulizitenga kwa ajili ya kurekebisha paa la jikoni linalovuja.

Halafu kuna Mama. Macho yake yamefifia, rimoti anaijua kwa kupapasa. Aliniambia mimi, si mwanawe, kwamba hataki TV mpya asiyoijua. Nimebaki katikati. Mume wangu anadhani mimi ndiye mbishi, na siku hizi tukigusa habari ya TV tunaishia kununiana. Nifanyeje?

Njia Panda

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu Njia Panda,

Dalili za TV yenu umezieleza vizuri kuliko wengi wetu tunavyomweleza fundi, na hilo litakusaidia. Nianze na chombo chenyewe, kisha nije kwa mume wako na kwa Mama, kwa sababu naona mnabishana juu ya mambo ambayo bado hayajapimwa.

Nikikuelewa vyema, hali ni hii. TV imepoteza mwanga kwa mara ya pili. Wewe unataka itengenezwe, mwenzako anataka mpya na kubwa zaidi, Mama anataka ileile, na fedha zilizopo zina kazi nyingine. Mmeshalipia matengenezo yaliyodumu muda mfupi, na fundi wa sasa hataki kubeba hatari ya kioo. Mnalotazama nyote ni giza. Mimi kilichonishtua ni ule mstari mwembamba ulioutaja kwa kupita, nami nitaurudia.

Kwanza taa. Kioo cha TV ya LED hakitoi mwanga chenyewe. Nyuma yake kuna mikanda myembamba, mara nyingi ya alumini, yenye taa ndogondogo, na juu ya kila taa kuna lenzi ya kutawanya mwanga. Taa hizo huungwa kwa mfululizo: umeme ukipita ya kwanza ndipo unaingia ya pili, na kuendelea. Ikikatika moja tu, mstari mzima hauna njia. Bodi ya umeme hujaribu kuwasha, hugundua kwamba mkondo haupiti sawasawa, kisha hukata taa zote ili kujilinda. Ndiyo maana unaona mwanga wa sekunde moja na kisha giza, huku sauti na rimoti vikiendelea kama kawaida. Sehemu kubwa ya TV yenu bado iko hai.

Yale madoa ya zambarau yalikuwa onyo. Taa nyeupe ya aina hii ni taa ya bluu iliyofunikwa kwa unga wa manjano unaogeuza sehemu ya bluu hiyo, na macho yetu yanaona weupe. Joto la muda mrefu huchakaza unga huo, bluu ikaanza kupenya. Sasa piga hesabu. Saa 8 kwa siku ni saa 2,920 kwa mwaka, na kwa miaka 8 zinapita saa 23,000. Taa zote zimefanya kazi saa hizohizo, kwenye joto hilohilo. Fundi wa kwanza alibadilisha mbili na kuziacha nyingine zikiwa zimechoka vilevile. Si lazima awe alikudanganya. Pengine aliwapa nafuu ya haraka kwa gharama ndogo. Lakini mtu akikwambia kwamba kosa limejirudia kwa hiyo TV imekufa, si kweli. Limejirudia kwa sababu kazi ilifanywa nusu.

Kabla hamjaamua lolote, fanya kipimo ambacho hakihitaji kufungua hata skrubu moja. Subiri usiku, zima taa za chumbani, washa TV, kisha chukua tochi yenye mwanga mkali. Isogeze karibu kabisa na kioo, imulike kwa kuilaza upande, si kwa kuielekeza moja kwa moja. Bonyeza menyu kwenye rimoti. Ukiona maandishi ya menyu kwa mbali, kama kivuli kinachosogea unapobonyeza vitufe, basi kioo kinapokea picha na bodi kuu ni nzima. Tatizo liko kwenye mwanga, yaani mikanda ya taa au sehemu ya bodi inayoilisha umeme. Zungusha tochi polepole kwenye kioo chote, usitazame sehemu moja tu. Usipoona chochote, rudia ukiwa umeweka picha angavu, maana vivuli vya picha nyeusi ni vigumu kuvitambua.

Ukiwa hapohapo na tochi, na TV ikiwa bado ya baridi, utafute ule mstari. Je, unapita juu ya maandishi ya menyu pia? Je, upo unapohama kutoka chaneli kwenda kwenye kifaa cha HDMI? Kama upo kote, hautoki kwenye king'amuzi wala kwenye waya. Unatoka ndani ya TV yenyewe. Bonyeza taratibu sana, kwa kidole kimoja, kwenye fremu ya juu na ya chini pale mstari unapoishia, kamwe si kwenye kioo chenyewe. Ukicheza, ukififia au ukibadilika rangi, umepata habari muhimu.

Nieleze kwa nini nakazania mstari huu. Pembeni mwa kioo kuna vipande vyembamba vya plastiki vyenye nyaya zisizoonekana kwa macho, na kila kimoja kimebeba chipu inayoendesha mamia ya safu za picha. Vipande hivyo havikulehemiwa kwa risasi. Vimebandikwa kwenye kioo kwa utando wenye chembe zinazopitisha umeme, kwa mashine ya joto na shinikizo. Gundi hiyo ikianza kuachia sehemu ndogo, safu moja ya picha hukosa amri, nawe huona mstari mmoja wa wima. Joto likipanda, vitu hutanuka, mguso unarudi na mstari unapotea. Tabia hiyo inafanana sana na uliyoieleza. Fundi wa kawaida hana mashine ya kubandika upya, na wale wanaoweka kipande cha sponji ili kibane hununua muda tu. Kubadilisha kioo kizima kwa kawaida hugharimu karibu sawa na kununua TV nyingine.

Yapo maelezo mengine yenye nafuu. Waya bapa unaounganisha bodi kuu na bodi ndogo inayoendesha kioo unaweza kuwa na kutu au umelegea, na hiyo ni kazi ya kuchomoa, kusafisha kwa pombe safi ya kusafishia vifaa (si ya kunywa) ya asilimia 90 na zaidi, na kurudisha. Lakini kasoro ya waya huo, au ya bodi hiyo ndogo, huonekana zaidi kama nusu ya picha kupotea, mistari mingi kwa pamoja, au rangi zilizogeuka kama za filamu ya picha za zamani. Mstari mmoja mwembamba usiohama mahali hunifanya nishuku kioo kwanza.

Sasa unganisha mambo haya mawili. Ili kufikia mikanda ya taa, fundi lazima akitoe kioo, akikiinua pamoja na vile vipande vya pembeni vinavyoning'inia. Kipande ambacho tayari kimeanza kuachia ndicho kilicho hatarini zaidi. Kazi ya taa inaweza kufanikiwa kabisa na bado mkatoka na mistari mitano badala ya mmoja. Kwa hiyo ile theluthi moja ya bei si gharama ya kupona tu, ina bahati nasibu ndani yake. Nawe ndiwe unayejua fedha zenu zinaweza kubeba bahati nasibu ya ukubwa gani.

Ukiona bado unataka kutengeneza, usimkabidhi fundi TV na kuondoka. Mwombe kwanza afungue kifuniko cha nyuma tu na apime bila kugusa kioo. Anaweza kuchomoa soketi inayopeleka umeme kwenye taa na kuunganisha kipima taa za LED moja kwa moja kwenye nyaya zake. Mstari wa taa uliokatika hauwaki hapo. Pia anaweza kupima volti zinazotoka kwenye bodi wakati wa kuwasha. Zikipanda juu kisha zikaanguka, bodi inajaribu kufanya kazi yake na taa ndizo zinazokataa. Zisipotoka kabisa, mikanda mipya haitawaka hata ikiwa ya bei gani. Aangalie pia kapasita za bodi ya umeme, yaani vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme. Iliyovimba kichwani au kuvuja ibadilishwe kwa yenye maikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, na ya nyuzi joto 105. Kazi hii ni ya fundi. Kwenye nyumba yenye umeme wa volti 220 hadi 240, kapasita kubwa ya bodi hiyo inaweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa, na umeme wa mikanda ya taa wenyewe unaweza kupita volti 100. Wewe na watoto msiifungue.

Kuhusu mikanda, namba ya modeli iliyo nyuma ya TV haitoshi, kwa sababu modeli moja inaweza kutoka kiwandani ikiwa na vioo na mikanda ya aina tofauti. Kinachotawala ni namba iliyochapishwa kwenye mkanda wenyewe, pamoja na idadi ya mikanda, idadi ya taa kwa kila mkanda, urefu kwa milimita, mahali soketi ilipo, na kama kila taa ni ya volti 3 au 6. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Mikanda minne yenye taa kumi za volti 3 kila mmoja, ikiungwa kwa mfululizo, inadai volti 120. Ukiweka za volti 6 itadai 240, na bodi haitafika huko. Taa zitamulika na kuzima, nanyi mtadhani TV imekataa. Ibadilishwe seti nzima, si mkanda mmoja mmoja, la sivyo utaona maeneo meupe na mengine ya manjano kwenye picha moja. Na asikubali kuruka taa iliyokufa kwa kuunganisha waya juu yake. Itawaka, lakini itaacha kivuli, na chanzo cha tatizo kitakuwa palepale.

Kioo kitolewe na watu wawili, TV ikiwa imelazwa kwenye meza pana yenye blanketi laini, kwa vishikio vya kunyonya au kwa mikono iliyoshika kingo zote kwa usawa. Karatasi nyeupe zilizo chini yake zina mpangilio na upande wake. Zikigeuzwa au kuguswa kwa vidole vyenye jasho, madoa yataonekana kila mkiangalia. Kabla ya kufunga, fundi awashe mikanda yote na kuhakikisha kila lenzi imekaa, maana lenzi iliyodondoka huacha nukta kali nyeupe. Baada ya kufunga, TV ifanye kazi saa kadhaa ukiwepo. Umwombe pia akukabidhi mikanda ya zamani.

Jambo la dhamana lizungumzwe kabla. Si haki kumtwika fundi kioo ambacho tayari kina kasoro, wala si haki kwake kusema kila litakalotokea ni bahati yenu. Njia ya kati ni kuandika kwenye karatasi hali ya kioo kabla ya kazi, ukiwamo ule mstari, na kukubaliana kwamba kikipasuka hamlipi ufundi, na mikanda iliyobaki salama ni yenu. Fundi akikataa hata hilo, nalo ni jibu.

Mkishaitengeneza, taa mpya zitakufa mapema zikiachwa zichemke. Kwenye menyu kuna kipimo cha taa za nyuma, nacho ni tofauti na mwangaza wa picha. Mwangaza wa picha hubadilisha weusi na weupe, wakati kipimo cha taa za nyuma ndicho kinachopunguza mkondo wa umeme na joto. Kishusheni hadi kati ya asilimia 50 na 70 kwa sebule ya kawaida, na muache nafasi ya sentimita kumi hivi nyuma ya TV. Ushauri huu unafaa hata kwa TV mpya, maana nyingi hutoka dukani zikiwa zimewekwa kwenye mwanga wa juu kabisa.

Sasa nije kwenye sababu za mwenzako, na nikuombe uzisikilize moja moja badala ya kuzichukua kama lawama. Programu zilizogoma ni tatizo la kweli. Halihusiani na taa, wala mikanda mipya haitalitibu. Lakini halihitaji TV mpya pia. Kifaa kidogo cha kuangalia video kinachochomekwa kwenye HDMI huleta programu za sasa kwenye kioo cha zamani, na siku mkinunua TV nyingine mnahama nacho. Umeme ni jambo la kupima, si la kukisia. Angalieni wati zilizoandikwa nyuma ya TV yenu na za ile mnayoitamani. Zidisheni kwa saa za siku, gawanyeni kwa 1,000, mtapata uniti. Ya wati 60 kwa saa 8 hutumia uniti 0.48, ya wati 110 hutumia 0.88. Tofauti kubwa ilikuwa wakati watu walipohama kutoka TV za kichogo au za plasma kwenda LED. Kati ya LED ya inchi 40 na LED ya inchi 55, mpya inaweza kutumia umeme mwingi zaidi kwa sababu ya ukubwa wake.

Na ukubwa wenyewe? Pimeni umbali kutoka kiti hadi kioo. Kipimo kizuri cha kuanzia kwa picha safi ni mara moja na nusu hadi mara mbili ya ulalo wa kioo, yaani urefu wa kutoka kona hadi kona ya mkabala. Ulalo wa inchi 40 ni sentimita 102, hivyo ni kama mita 1.5 hadi 2. Wa inchi 55 ni sentimita 140, hivyo mita 2.1 hadi 2.8. Chaneli zinazorushwa kwa ubora wa chini huonekana na ukungu zaidi kwenye kioo kikubwa. Mkiwa mnakaa mbali, ombi lake lina msingi, na huenda hata macho ya Mama yakafaidika.

Hoja zako nazo nizipime. Kwamba za zamani ni imara kuliko za sasa: TV yenu ni LED kama hizo mpya na ina udhaifu uleule wa taa na joto. Zipo mpya za bei ya chini zenye taa chache zinazosukumwa kwa nguvu, na zipo nzuri. Kwamba fedha za fundi wa kwanza zitapotea: dada yangu, zimeshatoka, na hazirudi kwa njia yoyote mtakayochukua. Naelewa zinauma. Ila ukiziingiza kwenye hesabu ya leo, zitakusukuma kulipa tena kwa ajili ya kutetea malipo ya jana. Linganisha tu kilichobaki kulipwa na miaka unayotarajia kupata. Mafundi wengi hutumia nusu ya bei ya mpya kama mpaka. Theluthi moja iko chini ya hapo kama kioo ni kizima. Kama kioo kinaelekea kufa, mpaka huo hauna maana tena.

Ipo pia njia ya kununua iliyotumika, ambayo hukuitaja. Inapunguza gharama, lakini inaweza kuwa na saa zilezile kwenye taa zake. Ukiifikiria, iangalie ikiwa ya baridi, weka picha nyeupe tupu utafute madoa na zambarau, kisha nyeusi, na uiache iwake angalau nusu saa. Njia nyingine ni kusubiri: kutengeneza paa kwanza na kukaa bila TV kwa muda. Kwa Mama anayeshinda nyumbani hilo ni zito, na sauti peke yake inaweza kumfaa kwa habari na mahubiri lakini si kwa kila kitu. Na mkiiacha TV hii, msiitupe. Bodi kuu, spika na bodi ya umeme vinaweza kuokoa TV ya mtu mwingine, na fundi mwaminifu atazinunua.

Kuhusu Mama, nina swali. Rimoti anayoipapasa ni ya TV au ya king'amuzi? Kaa naye siku moja umtazame. Kama ni ya king'amuzi, haibadiliki hata mkinunua TV ya namna gani, mradi TV mpya ipokee waya wa king'amuzi chenu. Chunguzeni hilo mapema, kwa sababu TV nyingi za sasa zimeacha zile tundu tatu za njano, nyeupe na nyekundu. Kama ni ya TV, zipo rimoti zenye vitufe vichache vikubwa zinazoweza kufundishwa, na kitone cha gundi ngumu kwenye kitufe cha kuwasha na cha sauti humsaidia sana mtu asiyeona vizuri. Huenda hofu yake ni kuwa mgeni kwenye kitu anachokitumia kila siku kuliko TV yenyewe.

Lakini naona umebeba maneno yake kwa siri, na mume wako anabishana na wewe bila kujua kwamba anabishana na mama yake pia. Je, Mama angekubali umwambie, au aseme mwenyewe ukiwa karibu? Sijui alikuwa na sababu gani ya kukwambia wewe peke yako, na ni vyema kumuuliza kabla ya kulifikisha. Na mume wako, umewahi kumuuliza anataka kuangalia nini kwenye hiyo inchi 55? Mtu anayeitwa mbadhirifu huacha kueleza anachotamani, kama vile anayeitwa mbishi anavyoacha kueleza anachohofia. Paa nalo liwe mezani kwa sauti, na kiasi chake, si kama hoja ya kumshinda.

Pendekezo langu ni kwamba kipimo cha tochi mkifanye pamoja, wewe na yeye. Mmoja ashike tochi, mwingine rimoti. Mkiona menyu na mstari umetulia bila kujali fremu inabonyezwa, mtazungumza mkiwa na habari moja. Mkiona mstari unacheza, au umeongezeka, mtazungumza mkiwa na habari nyingine. Niandikie mlichokiona, pamoja na wati za nyuma ya TV na umbali wa viti vyenu, nami nitakusaidia kusoma majibu hayo.